Konokono Shahidi

Konokono wote kumi na wawili walikufa ndani ya siku mbili, na zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa tangi langu la samaki liwe tayari kupokea matumbawe ya Mwalimu. Maji yanayoua konokono yanaua matumbawe pia. Hilo nilishalisoma. Nilichokuwa sikijui ni kitu gani kilichowaua.

Samaki walikuwa wazima. Wawili, wadogo, rangi ya machungwa, wanakula kama wamealikwa harusini. Maji yalikuwa yametakata kiasi kwamba mke wangu alisema pasipokuwa na samaki mtu angedhani tangi halina maji. Lakini konokono walikuwa wamelala chini migongo imegusa mchanga, na nilipomtoa wa kwanza kwa koleo la jikoni, harufu yake ilimfanya mke wangu afungue madirisha yote na aniulize kama koleo lile nilitarajia lirudi kwenye sufuria zake.

Mwalimu ni mteja wangu wa zamani. Mimi ni fundi bomba. Shule niliiacha darasa la tano, na mpaka nafikisha miaka thelathini na nne nilikuwa naweza kuandika jina langu na kusoma namba kwenye mita, basi. Mwaka huo Mwalimu aliniita nyumbani kwake nitengeneze pampu ya tangi lake la samaki. Ni tangi kubwa la maji ya chumvi ambalo marehemu mume wake alilijenga ndani ya ukuta wa sebule, na ndani yake matumbawe yamejaa, mengine yana vidole, mengine yanapunga kama nyasi. Akanipa kijitabu cha ile pampu, akaniomba nimsomee panapoeleza valvu. Nikamwambia nimesahau miwani nyumbani.

Sijawahi kuwa na miwani. Nadhani alijua tangu nilivyokishika kile kijitabu. Nilipomaliza kazi akanilipa, akaniambia Jumamosi nirudi, bomba la jikoni linavuja. Jumamosi nikaenda na mfuko wangu wa vifaa. Bomba lilikuwa kavu. Mezani palikuwa na kijitabu cha pampu, penseli, na chai vikombe viwili.

Jumamosi hizo zilikwenda miaka miwili. Kitabu cha kwanza nilichokimaliza katika maisha yangu ni maelekezo ya pampu ile, kurasa ishirini na sita. Hakuna mtu aliyeambiwa, hata mke wangu alidhani Mwalimu ana mabomba mabovu kuliko nyumba zote za mjini.

Sasa Mwalimu nyonga zimemchoka. Nyumba ameiuza, anahamia kwa binti yake, mji mwingine, ghorofa ya tatu. Tangi la ukutani halihamishiki, ukilitikisa tu linapasuka. Wenye maduka walikuja wakayatazama matumbawe yale wakitabasamu kama watu waliofika kwenye mirathi. Akawakatalia. Akaniita, akaniambia kwamba nikiwa na tangi lililokomaa kabla ya siku ya kuhama, matumbawe ni yangu. Nisipokuwa nalo, itabidi awapigie wale wa maduka, nao watayakatakata wayauze vipande vipande.

Kwa hiyo nilijenga tangi. Lita mia mbili na arobaini sebuleni, na lingine dogo chini yake lenye hita na pampu ya kupandisha maji juu. Nikaweka mchanga, mawe ya baharini kumi na manne na maji yenye chumvi iliyopimwa, halafu nikangoja. Hapo ndipo watu wengi wanaposhindwa, kwenye kungoja. Ndani ya mawe vinakua vijidudu visivyoonekana, na kazi yao ni kula uchafu wa samaki. Visipokomaa, uchafu unageuka sumu. Nilipima kila siku, nikaandika kwenye daftari. Amonia, sumu ya kwanza, ikapanda, ikashuka. Nitriti, sumu ya pili, ikapanda, ikashuka. Wiki ya sita zote zilikuwa sifuri, nikatia samaki wawili. Wiki ya tisa kioo kikaanza kushika ukungu wa kahawia, na mwenye duka la samaki, ambaye sisi wateja tunamwita Mapezi, akaniambia huo ndio wakati wa konokono, wataula ukungu wote.

Nao wakafa. Nikaenda dukani kumtolea Mapezi maneno. Nilimwambia ameniuzia maiti. Mapezi hapandishi sauti. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye tangi la nyuma, akanionyesha konokono wa kundi lile lile wanapanda kioo, wamenona.

"Hawa ndugu zao, mzee. Wamekuja kwenye mfuko mmoja. Matatizo yako yako kwako."

Wateja wengine wawili walikuwepo. Nilijisikia mdogo. Mapezi akaingia nyuma ya kaunta, akanipa vichupa vya kupimia shaba nyekundu, ile ya kwenye nyaya za umeme. Akasema kwamba samaki wanaivumilia, lakini konokono na matumbawe hata chembe inawaua. Nikamjibu kwamba nimefunga mabomba miaka thelathini na hakuna waya wowote ndani ya maji yangu. Akasema sawa, nipime tu, vichupa ni vya mkopo, nikimaliza nimrudishie.

Nyumbani nikapima. Unatia maji kwenye kichupa, unadondosha dawa, unangoja, halafu unalinganisha rangi na kadi. Nikasimama chini ya taa ya sebule nikaona sifuri. Nikamwambia mke wangu ni sifuri, shaba hakuna, Mapezi anabahatisha.

Mke wangu ni fundi cherehani. Alikuwa anashona sare za shule karibu na dirisha, pini zimejaa mdomoni. Akanyoosha mkono bila kusema, nikampa kichupa na kadi. Akatoa pini moja moja.

"Nani amekufundisha kusoma rangi chini ya taa?" akaniuliza. "Mteja akiniletea kitambaa nimtafutie uzi wake chini ya taa, atavaa gauni la rangi mbili."

Akatandika kipande cha kitambaa cheupe kwenye kizingiti cha dirisha, akaweka kichupa juu yake, akarudi nyuma hatua moja, akakitazama jicho moja limefumbwa. Akasema siyo sifuri. Nikabisha. Tumeoana miaka ishirini na mitatu, kwa hiyo hakubishana nami. Akaniagiza nipime pia maji mapya ya chumvi yaliyokuwa kwenye ndoo, ambayo hayajawahi kuingia tangini, nilete kichupa cha pili. Akaviweka pamoja. Kile cha ndoo kilikuwa cha manjano hafifu kama chai iliyozidishiwa maziwa. Kile cha tangi kilikuwa kimeelekea kwenye kijani. Hata mimi niliona.

"Haya, fundi," akasema. "Shaba yako inatoka wapi?"

Nilijua kabla hajamaliza kuuliza.

Nilipokuwa naunganisha bomba la kupandisha maji, dukani walinipa kiungo cha plastiki. Nilikitazama nikacheka. Kilikuwa chepesi kama kifuniko cha chupa. Mimi nina kiungo changu cha shaba ya manjano, kizito kama ngumi, nyuzi zake zimechongwa sawasawa, hakivuji hata ukikifunga gizani. Alinipa bosi wangu wa kwanza siku nilipomaliza kujifunza kazi. Aliniambia nikitumie mahali ambapo sitaki kurudi kutengeneza tena. Miaka ishirini na nane kilikaa kwenye boksi, nimekifunga kwa kitambaa. Hakuna nyumba ya mteja niliyoona inakistahili. Nilipojenga tangi la kupokea matumbawe ya Mwalimu nikakitoa, nikakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa, nikakifunga pale.

Na shaba ya manjano ndani yake imechanganywa hiyo hiyo shaba nyekundu. Najua hilo tangu ujana wangu, kila fundi bomba analijua. Ila mimi hufunga maji matamu, na kwenye maji matamu kiungo kile kitadumu mpaka kikuzike. Maji ya chumvi yanakila. Nikaingiza mkono kwenye tangi la chini nikakipapasa. Nyuzi zilikuwa zinateleza. Nilipotoa kidole kilikuwa na kijani.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Mwalimu. Ningeweza kunyamaza, nikabadilisha kiungo na kuomba Mungu. Lakini ni matumbawe yake, ameyalea miaka kumi na tisa. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya tangi la ukutani, fimbo imelala mapajani, maboksi ya kuhama yamemzunguka. Nikamwamkia, nikabaki nimesimama, nikamweleza yote bila kumung'unya. Konokono, taa, dirisha, kiungo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kitu kimoja, kwa nini sikutumia kile cha plastiki.

"Nilitaka kukuwekea kitu kizuri, Mwalimu."

Akageuza uso kutazama tangi. Samaki mmoja wa bluu akapita mara mbili.

"Umeniwekea kizuri," akasema. "Sasa kitoe."

Halafu akawa mwalimu tena. Akaniambia kutoa kiungo peke yake hakutoshi, mawe yameshakunywa shaba na yatakuwa yanaitema mwaka mzima, kwa hiyo yatoke yote. Mchanga pia. Mabomba yote. Kioo kioshwe kwa siki, kisuuzwe, kiachwe kikauke, kisuuzwe tena. Nikamwambia mawe yakitoka vijidudu vinatoka nayo, na mapya yatahitaji wiki sita nyingine, nami nina siku kumi na nane. Nilikuwa naongea nikitazama chini. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

"Chukua yangu," akasema.

Sikuelewa. Akanyoosha fimbo kwenye tangi lake. Mawe yake yana miaka kumi na tisa, yamejaa vijidudu kuliko duka zima la Mapezi. Nichukue nusu yake, niyabebe ndani ya maji yasikauke, niyaweke kwangu, tangi litakuwa limekomaa siku hiyo hiyo. Nikamwambia tangi lake litabaki bila nguvu, maji yatamchafukia kabla hajahama, samaki wake hawana pa kwenda mpaka siku ya kuhama, mtu wa Mapezi atakapowafuata. Akasema atabadilisha maji kila siku mpaka mwisho. Nikamuuliza atabebaje ndoo na nyonga zile.

"Kikombe kikombe," akasema. "Wewe herufi ulizibeba vipi?"

Nilitoka nje kwenda kuangalia mita ya maji. Haikuwa na tatizo lolote.

Kazi ikaanza. Nilizikataa kazi mbili za watu nikazipeleka kwa mafundi wengine. Samaki wangu nikawahamishia kwenye beseni la kufulia la mke wangu na kijipampu cha hewa, naye akaanza kufua kwenye ndoo bila kusema neno, jambo lililonitisha kuliko kama angesema. Mawe kumi na manne nikayatoa. Mchanga nikautoa kwa kopo. Nikaosha, nikasuuza. Mabomba nikafunga mapya, plastiki mwanzo mpaka mwisho, na kile kiungo chepesi kama kifuniko cha chupa nikakikaza kwa mikono miwili taratibu. Hakivuji. Mpaka leo hakijavuja.

Mapezi alikuja mwenyewe na pikipiki yake siku ya nne, sikumwita. Aliniletea kitambaa kinene cha kuchujia, cheupe, ambacho kikikutana na shaba kinageuka kijani. Nilianza kumwomba radhi kwa maneno ya siku ile. Akasema wateja wanaomtukana ndio wanaorudi, wanaonyamaza huwa hawaonekani tena. Akanywa maji, akaondoka. Nikajaza tangi maji mapya ya chumvi, nikakitia kitambaa humo.

Mke wangu ndiye aliyekuwa anasoma kile kitambaa. Kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani anakitoa, anakikamua, anakipeleka dirishani kwenye kitambaa chake cheupe. Siku ya kwanza akasema kuna kivuli cha kijani, kama uzi namba fulani, akaitaja namba yenyewe. Nikabadilisha nusu ya maji. Siku ya pili akataja uzi mwingine, hafifu zaidi. Nikabadilisha tena. Siku ya tano akakitazama muda mrefu, akakigeuza, akanirudishia.

"Cheupe," akasema.

Nikaenda kuyafuata mawe ya Mwalimu. Alikuwa ameshayachagua, ameyapanga upande mmoja kwa fimbo yake. Nilipomaliza kuyatia kwenye ndoo akaingiza mkono tangini, akabandua konokono mmoja kwenye kioo. Ni mkubwa, mzee, gamba limeota magugu ya zambarau. Akaniwekea kwenye kikombe cha chai.

Akaniambia huyu ndiye shahidi. Nimtie kwangu peke yake, wiki nzima. Akiishi, matumbawe yanakuja. Akifa, atawapigia simu wenye maduka, na nisijisikie vibaya. Nikamjibu ndiyo, nikabeba kikombe kwa mikono miwili njia nzima. Dereva wa teksi akaniuliza ni dawa ya nani.

Siku ya kwanza konokono alitembea. Siku ya pili alijibanza kwenye kona, akajifungia ndani ya gamba, hakusogea. Siku ya tatu asubuhi hakuwa tofauti na alivyokuwa jana yake. Mchana vile vile. Nilikaa chini mbele ya tangi nikamtazama kama mtu anayetazama mita ya deni. Nilitaka kumgusa nimnuse, mke wangu akanikataza.

"Amelala. Na wewe ungelala kama ungehamishwa nyumba kwenye kikombe."

Jioni bado. Sikula vizuri. Nilimpigia Mwalimu simu, nikamwambia shahidi wake hasemi kitu. Akaniambia nipunguze haraka, konokono hajawahi kuhudhuria shule ya mtu mwenye haraka. Nilisikia nyuma yake maji yanamwagwa, kidogo, halafu kidogo tena.

Asubuhi ya siku ya nne mke wangu aliniamsha kwa kunivuta dole gumba la mguu. Konokono alikuwa katikati ya kioo cha mbele. Nyuma yake kulikuwa na njia safi iliyopinda, ukungu wote ameula, upana wa kidole. Tuliketi sakafuni wote wawili tukamtazama anakula. Sikumbuki ni nani aliyeanza kucheka.

Wiki ikaisha, yuko hai. Siku mbili kabla ya kuhama, matumbawe yakaja, na Mwalimu akaja nayo kwenye gari la binti yake. Tukamkalisha kwenye kiti mbele ya tangi. Nikaanza kazi ya kuyazoesha maji, nikitia maji yangu kwenye ndoo zenye matumbawe tone kwa tone kwa mrija, saa nzima na nusu. Kisha nikayaweka moja moja. Mwalimu alinielekeza kwa fimbo. Kushoto. Juu zaidi, hilo linapenda mwanga. Hilo la uyoga lishushe kivulini. Usilikabe, lishike kama mtoto wa watu. Mke wangu alisimama nyuma yangu na taulo, mikono yangu ilikuwa imelowa mpaka mabegani.

Tulipomaliza yote yalikuwa yamejikunja, hayana sura. Mwalimu akasema ndivyo yanavyofanya, yana hasira. Akanywa chai. Nilitaka kumshukuru nikakosa pa kuanzia, nikaenda kabatini nikamletea kitu nilichokuwa nimekiandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa mwisho, mistari minane. Akatoa miwani yake, akasoma. Akachukua penseli iliyokuwa kwenye daftari, akasahihisha neno moja, akakunja ukurasa, akautia kwenye pochi.

Kesho yake yakaanza kufunguka. Ya vidole kwanza, kisha yale yanayopunga. Ndani ya siku tatu sebule yetu ilikuwa na kitu kinachocheza polepole kutwa nzima, na wateja wa mke wangu wakawa wanakuja kupima gauni na kusahau kuondoka. Lile la kijani, lenye mikunjo kama ubongo, halikufunguka. Siku ya tisa likaanza kuwa jeupe pembeni. Nilimpigia Mwalimu ghorofa yake ya tatu. Akaniambia nilitoe kabla halijayachafulia mengine, na akaniuliza shahidi anaendeleaje. Nikamwambia yuko kwenye kioo, upande wa dirisha.

Hii ndiyo gharama yake. Konokono kumi na wawili. Mawe kumi na manne, ambayo sasa yako uani yamekauka. Ndoo arobaini na moja za maji ya chumvi. Kazi mbili za wateja. Beseni moja la kufulia, ambalo mke wangu amekataa kulipokea. Tumbawe moja la kijani, lililolelewa miaka kumi na sita. Kwa Mwalimu, nusu ya mawe yake, na siku kumi na moja za kubeba maji kikombe kikombe. Na kiungo kimoja cha shaba ya manjano, ambacho nimekisugua tena kwa majivu, na kiko juu ya kabati, mahali pakavu.